Kolesteroli, CRP na Swali la Kampala: Historia ya Vipimo vya Damu katika Kutabiri Maradhi ya Moyo, 1913–2019

Utangulizi

Kipimo cha damu kinachompa mtu asiyeumwa popote namba inayosemwa kuwa ndiyo hatari yake ya kupata mshtuko wa moyo ni jambo jipya katika historia ya tiba. Kwa karne nyingi mgonjwa ndiye aliyemwendea tabibu akiwa na maumivu, na dalili alizozieleza ndizo zilizozaa jina la ugonjwa. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 mpangilio huo uligeuka. Mtu alianza kuitwa kituoni akiwa mzima, akatolewa damu, kisha akaambiwa kuwa yumo katika kundi la watu walio hatarini, na mara nyingi akapewa dawa ya kumeza maisha yake yote.

Wanahistoria wameuandikia mgeuko huu kwa kina. Aronowitz (1998), Rothstein (2003) na Greene (2007) wameonesha namna dhana ya kihatarishi ilivyokua kutokana na hesabu za makampuni ya bima, tafiti za muda mrefu na soko la dawa. Hata hivyo, kazi zao zimejikita Marekani. Insha hii inaifuata historia hiyohiyo kupitia viashiria viwili, yaani kolesteroli na protini iitwayo CRP, lakini inaipitisha Kampala na katika mbuga za Wamasai. Hoja inayojengwa ni kwamba ushahidi uliokusanywa Afrika Mashariki kati ya miaka ya 1950 na 1970 uliibua swali ambalo kanuni za kutabiri ugonjwa wa moyo hazikulijibu, bali zililipita: je, namba iliyopatikana kwa damu ya watu wa mahali pamoja ina maana ileile katika damu ya watu wa mahali pengine?

Neno moja kuhusu istilahi. Vitabu vya afya nchini Tanzania huita kolesteroli lehemu, neno ambalo fundi bati hulitumia kwa madini anayoyayeyusha ili kuunga vyombo. Ni neno linalofundisha haraka, kwa kuwa msikilizaji huona papo hapo kitu kinachoganda ndani ya bomba. Ubaya wake ni huohuo: linatoa hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa. Kwa sababu hiyo, insha hii inatumia kolesteroli.

Kutoka maabara ya sungura hadi Batavia

Kuwapo kwa kolesteroli katika kuta za mishipa iliyoharibika kulijulikana tangu karne ya 19. Mwaka 1910 mkemia Mjerumani Adolf Windaus aliripoti kuwa mishipa mikuu yenye ugonjwa ilikuwa na kolesteroli zaidi ya mara 20 ya ile iliyo mizima. Miaka mitatu baadaye, huko St Petersburg, Nikolai Anitschkow na Semen Chalatow waliwalisha sungura kolesteroli iliyoyeyushwa katika mafuta ya alizeti, na mishipa ya wanyama hao ikaharibika kwa namna iliyofanana na ya binadamu. Jaribio hilo linatajwa karibu katika kila andiko la historia ya somo hili. Kisichotajwa mara nyingi ni upinzani lililoupata: sungura hali nyama wala mayai, na wanyama wengine waliolishwa vivyo hivyo hawakuugua kwa urahisi huo. Swali la iwapo matokeo ya mwili mmoja yanaweza kuhamishiwa mwili mwingine lilizaliwa pamoja na kiashiria chenyewe.

Aliyelihamishia swali hilo kwa binadamu alikuwa C. D. de Langen, daktari Mholanzi katika koloni la Java. Mwaka 1916 aliandika kuwa damu ya Wajava ilikuwa na kolesteroli kidogo kuliko ya Waholanzi walioishi hukohuko. Aliona pia kuwa Wajava waliofanya kazi ya utumishi katika meli za Kiholanzi, wakila chakula cha mabwana zao, walikuwa na kiwango sawa na cha Waholanzi. Kwa uchunguzi huo aliondoa uzito katika asili ya mtu na kuuweka katika sahani yake. Kwa kuwa aliandika kwa Kiholanzi, tena katika jarida la kikoloni, kazi yake ilisomwa na wachache kwa miongo kadhaa.

Framingham: namba inapata mwenyewe

Rais Franklin Roosevelt alifariki dunia Aprili 1945 kwa kiharusi, baada ya miaka mingi ya shinikizo la damu ambalo madaktari wa wakati huo hawakuwa na dawa ya maana ya kulishusha. Miaka mitatu baadaye Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuanzisha taasisi ya taifa ya moyo, na mwaka huohuo wa 1948 utafiti ulianza katika mji mdogo wa Framingham, jimbo la Massachusetts. Watu 5,209, wanaume na wanawake, walikubali kupimwa kila baada ya miaka miwili. Karibu wote walikuwa weupe wenye asili ya Ulaya.

Ubunifu wa Framingham ulikuwa katika kungoja. Damu ilichukuliwa mtu angali mzima, kisha watafiti wakasubiri kuona nani angeugua. Ripoti ya kwanza ilitolewa na Dawber, Moore na Mann mwaka 1957. Ya pili, iliyoandikwa na Kannel na wenzake mwaka 1961, ndiyo iliyoyaingiza maneno ya vihatarishi katika lugha ya kila siku ya madaktari. Kolesteroli, shinikizo la damu na dalili za kutanuka kwa moyo ziliunganishwa na uwezekano wa mtu kuugua katika miaka sita iliyofuata.

Wakati huohuo kulikuwa na ugomvi juu ya kipimo kipi kitumike. Huko Berkeley, John Gofman alitumia mashine ya kuzungusha damu kwa kasi kubwa mno ili kutenganisha chembe zinazobeba mafuta, yaani lipoprotini, na mwaka 1950 alidai kuwa chembe hizo zilitabiri ugonjwa vizuri kuliko kolesteroli yote kwa jumla. Utafiti wa pamoja wa maabara kadhaa ulichapishwa mwaka 1956. Walio wengi walihitimisha kuwa mashine ile ghali haikuongeza faida ya kutosha juu ya kipimo rahisi cha kolesteroli; Gofman na wenzake hawakukubaliana nao, na maoni yao yakachapishwa ndani ya ripoti hiyohiyo. Inafaa ugomvi huo ukumbukwe, kwani swali lake litarudi baada ya nusu karne kwa maneno karibu yaleyale: kiashiria kipya kinaongeza nini juu ya kile tulichonacho? Gofman mwenyewe alipata haki yake kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1972 Friedewald na wenzake walitoa kanuni ya kukadiria lipoprotini ya LDL kwa kutoa, kutoka kolesteroli yote, ile ya HDL na moja ya tano ya trigliseridi. Tangu hapo maabara yoyote ya kawaida iliweza kuandika kwenye karatasi namba ambayo zamani ilihitaji mashine ya Berkeley.

Kampala na Uwasini

Wakati Framingham inangoja, hospitali ya Mulago, Kampala, ilikuwa na fumbo la kinyume. Ugonjwa ulioitwa janga huko Marekani haukuonekana kwa Waafrika. Mgonjwa mmoja Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo alitosha kuwa makala: Trowell na Singh walimwandika katika jarida la tiba la Afrika Mashariki mwaka 1956. Mwaka 1960 Thomas na wenzake, akiwamo J. N. P. Davies wa Makerere, walilinganisha uchunguzi wa maiti 632 za Uganda na maiti 632 za mji wa St. Louis, Marekani, zilizolingana kwa umri na jinsi. Kovu la mshtuko wa moyo lilipatikana kwa Mganda 1. Kwa Wamarekani walikuwa 136.

A. G. Shaper na K. W. Jones waliliendea fumbo hilo kwa damu. Katika makala yao ya mwaka 1959 iliyochapishwa katika jarida la Lancet, walilinganisha Waafrika na Waasia waliokuwa wakiishi Kampala. Kwa Waasia, ambao kwao ugonjwa wa moyo ulikuwa wa kawaida, kolesteroli ilikuwa juu. Kwa Waafrika ilikuwa chini, na ugonjwa karibu haukuwapo. Makundi yenyewe yalikuwa ya serikali ya kikoloni: Mwafrika na Mwasia yalikuwa majina ya kisheria kabla ya kuwa safu za jedwali la kitabibu, nayo yalificha tofauti kubwa za kipato, kazi na mlo ndani ya kila kundi. Hata hivyo, nguvu ya ulinganisho huo haikanushiki kirahisi. Watu wa mji mmoja, chini ya jua moja, walikuwa na damu mbili na hatima mbili, na damu ilifuatana na hatima.

Kwa hiyo Kampala ilionekana kuithibitisha Framingham. Lakini uthibitisho huo ulikuwa wa namna nyingine. Framingham ilimlinganisha mtu na jirani yake. Kampala ililinganisha jamii na jamii. Ya kwanza ingeweza kumwambia bwana fulani kuwa hatari yake ni kubwa kuliko ya mwenzake. Ya pili ingeweza tu kuuliza kwa nini jamii nzima ya bwana huyo inaugua. Mfumo wa afya ulioanza kujengwa baada ya hapo, ambamo daktari ana mgonjwa mmoja mbele yake na dawa mkononi, ulikuwa na matumizi ya swali la kwanza kuliko la pili.

Kisha likaja suala la maziwa. Iwapo mafuta ya wanyama hupandisha kolesteroli, na kolesteroli huleta ugonjwa, basi wafugaji wa Bonde la Ufa walipaswa kuwa wa kwanza kufa. Shaper aliwachunguza Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 1962: walikunywa maziwa kwa wingi, na kolesteroli yao ilikuwa chini. Mwaka 1964 George Mann, yuleyule aliyekuwa mmoja wa waandishi wa ripoti ya Framingham ya 1957, alichapisha na wenzake uchunguzi wa wanaume 400 wa Kimasai huko Tanganyika. Matokeo yalikuwa yaleyale: maziwa na nyama tele, kolesteroli kidogo, na karibu hakuna dalili za ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mann, ambaye kufikia hapo alikuwa ameanza kuitilia shaka nadharia ya mlo, aliona ameipata hoja yake.

Maelezo yalishindana. Mann aliupima uimara wa mwili wa Wamasai na kudai kuwa mwendo ndio uliowakinga. Biss na wenzake (1971) walionesha kuwa Wamasai waliolishwa kolesteroli walipunguza sana ile ambayo mwili hujitengenezea wenyewe, na wakapendekeza kuwapo kwa sifa ya kibayolojia iliyo ya pekee. Maelezo ya kwanza yaliupa uzito mwenendo wa maisha, ya pili uliupa ukoo.

Kazi iliyo ngumu zaidi kuisoma, na kwa hiyo yenye thamani kubwa zaidi kwa hoja hii, ni ya mwaka 1972. Mann aliiandika pamoja na Anne Spoerry, daktari wa ndege aliyejulikana Kenya kwa jina la Mama Daktari, na wengine wawili. Walichunguza mioyo na mishipa mikuu ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki. Walichokikuta hakikumfurahisha yeyote kikamilifu. Mishipa ya moyo ilikuwa imenenepa kuta kwa ugonjwa, sawa na ile ya wazee wa Marekani. Lakini mishipa hiyo ilikuwa pia imepanuka kadiri umri ulivyosogea, hata nafasi ya damu kupita ikabaki ya kutosha, na madonda ya kupasuka yalikuwa machache mno. Yaani Wamasai walikuwa na kolesteroli ndogo katika damu, walikuwa na ugonjwa katika kuta za mishipa, na hawakuwa na mshtuko wa moyo. Mambo matatu ambayo kanuni ya Framingham iliyafunga kwa kamba moja yalikuwa yamefunguka, kila moja likienda njia yake.

Matokeo haya yalistahili kuwa mwanzo wa mjadala mpana juu ya kinachopimwa hasa pale damu inapopimwa. Badala yake yaligeuzwa silaha. Waliopinga nadharia ya mafuta waliwataja Wamasai kama kanusho la kudumu, wakisahau kuwa kolesteroli yao ilikuwa ndogo, jambo linaloafikiana na nadharia ile kwa sehemu kubwa. Walioitetea waliwaweka pembeni kama watu wa pekee. Pande zote mbili zilimfanya Mmasai kuwa mfano, na mfano hauulizwi swali.

Kizingiti kinapanda ndege

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1984 jaribio lililohusisha wanaume 3,806 wa Marekani wenye kolesteroli ya juu lilionesha kuwa kuishusha kwa dawa kulipunguza ugonjwa wa moyo kwa asilimia 19. Dawa ya kwanza ya jamii ya statini iliidhinishwa Marekani mwaka 1987, na mwaka uliofuata mwongozo wa taifa ukaweka miligramu 200 kwa desilita kuwa mpaka wa kiwango kinachofaa kwa watu wazima wote. Mwaka 1994 jaribio la nchi za Skandinavia kwa wagonjwa 4,444 lilipunguza vifo kwa asilimia 30. Shaka ya msingi iliisha hapo: kwa watu wa aina ile waliofanyiwa majaribio, kushusha LDL kuliokoa maisha, na hakuna kinachosemwa katika insha hii kinacholipinga hilo.

Kilichobaki wazi ni upande wa kutabiri. Kanuni ya alama za Framingham, iliyochapishwa na Wilson na wenzake mwaka 1998, ilianza kutumiwa nje ya Massachusetts. D'Agostino na wenzake (2001) waliijaribu ndani ya Marekani kwenyewe na kukuta kuwa iliwafaa weupe na weusi kwa kiasi cha kuridhisha, lakini iliikuza mno hatari ya wanaume wenye asili ya Kijapani, wanaume wa Kihispania na wanawake wa makabila ya wenyeji. Mpangilio wa nani yuko juu ya nani ulihifadhika. Kiasi cha hatari ndicho kilichopotea. Swali la Kampala lilikuwa limerudi likiwa na takwimu bora zaidi.

Kiashiria cha pili

Mwaka 1930 William Tillett na Thomas Francis wa taasisi ya Rockefeller, New York, walikuta katika damu ya wagonjwa wa kichomi kitu kilichoungana na sehemu C ya bakteria wa ugonjwa huo. Ndicho kilichokuja kuitwa CRP. Kilipanda mtu anapougua na kushuka anapopona, na kwa miongo mingi hakuna aliyekihusisha na mtu mzima.

Mwaka 1997 Paul Ridker na wenzake walipima damu iliyokuwa imehifadhiwa ya madaktari wa kiume wa Marekani walioshiriki jaribio la aspirini. Walilinganisha 543 waliougua baadaye na 543 ambao hawakuugua. Waliokuwa na CRP ya juu zaidi walikuwa na hatari ya mshtuko wa moyo mara tatu ya wale wa chini. Mwaka 2002 matokeo ya wanawake 27,939 yalionesha kuwa CRP ilitabiri vizuri kuliko LDL, na mwaka 2003 mashirika mawili ya Marekani yaliweka mipaka: chini ya miligramu 1 kwa lita hatari ndogo, 1 hadi 3 ya wastani, zaidi ya 3 kubwa. Jaribio la JUPITER la mwaka 2008 liliwachukua watu 17,802 wenye LDL ya kawaida na CRP ya juu. Waliopewa statini walipata matukio 142, waliopewa kidonge kisicho na dawa 251.

Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini jaribio halikuwa na kundi la watu wenye CRP ndogo, na hivyo haliwezi kusema iwapo CRP ndiyo iliyowatambua waliostahili dawa au dawa ingewafaa hata bila kipimo hicho. Jaribio lililipiwa na kampuni ya dawa iliyotumika, na Ridker alitangaza ndani ya makala kuwa ametajwa katika hataza za matumizi ya kipimo hicho zinazomilikiwa na hospitali yake. Tangazo lilitolewa kwa uwazi; mwanahistoria analazimika tu kulisoma pamoja na jedwali.

Tafiti za jeni ndizo zilizotenganisha kiashiria na chanzo. Watu waliozaliwa na jeni zinazopandisha CRP hawakuugua moyo zaidi ya wengine, kama ulivyoonesha utafiti mkubwa wa pamoja wa mwaka 2011. Moshi ulikuwa wa kweli, ila si uliounguza nyumba. Jaribio la CANTOS (2017) kwa wagonjwa 10,061 lilisogeza hoja hatua moja zaidi: kuzuia njia ya juu zaidi ya mwitikio huo wa mwili kulipunguza matukio ya moyo kwa takribani asilimia 15 katika dozi ya miligramu 150, na kuliongeza vifo vitokanavyo na maambukizi.

Hapo ndipo kiashiria hiki kinapokuwa kigumu kwa Afrika Mashariki. CRP hupanda kwa malaria, kwa kifua kikuu, kwa jino bovu. Namba inayomtenga daktari wa Boston na wenzake huenda isimtenge mkulima aliyetoka kwenye homa wiki iliyopita. Ushahidi ulio dhahiri zaidi unatoka mbali, kwa Watsimane wa msituni Bolivia. Kaplan na wenzake waliwachunguza watu wazima 705 na kuchapisha matokeo mwaka 2017. Takribani nusu yao walikuwa na CRP iliyozidi mpaka wa hatari kubwa. Asilimia 85 hawakuwa na chembe ya chokaa katika mishipa ya moyo, hali bora kuliko ya jamii yoyote iliyokuwa imeripotiwa.

Miaka miwili baadaye Shirika la Afrya Duniani na washirika wake walichapisha majedwali mapya ya kukadiria hatari, yaliyorekebishwa kwa kanda 21 za dunia, Afrika Mashariki ikiwa kanda yake yenyewe. Majedwali hayo yana sura mbili. Moja inahitaji kolesteroli na taarifa ya kisukari. Nyingine, iliyokusudiwa zahanati zisizo na maabara, inaweka uzito wa mwili ukilinganishwa na urefu mahali pa damu. CRP haimo katika sura yoyote kati ya hizo.